Kete za chesi zinavyotembea: mwongozo wa anayeanza, hasa aliyezoea drafti

Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, na mitumbwi ya Kibirizi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Siku hizo ndipo kibaraza changu hapa Kigoma hujaa watu. Wavuvi, vijana wa bodaboda, wanafunzi, kina mama waliokuja kuulizia bei ya mawese: wanakuta ubao wa drafti na pembeni yake ubao wa chesi, wanasimama, wanauliza. Na kila mwezi maswali ni yaleyale. Farasi anapitaje? Mbona askari wangu hamli aliye mbele yake? Mfalme na malkia, mkubwa nani? Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi. Sasa nayaandika, ili hata ukiwa peke yako na ubao wako uweze kuanza.

Wengi wanaonijia ni hodari wa drafti, na drafti hiyohiyo ndiyo inayowakwamisha. Macho yanaona ubao uleule, mkono unatembea kama ulivyozoea. Kwa hiyo kwenye kila kete nitakuonyesha pia pale ambapo mkono wa drafti utakudanganya. Kama hujawahi kucheza drafti una nafuu, ruka maneno hayo uendelee.

Utasikia wengine wakiita mchezo huu sataranji. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, nao walilitoa Uajemi, na Waajemi waliupokea mchezo wenyewe kutoka India. Hapa kwetu vijana wanasema chesi, nami nitasema hivyo.

Vitu vya kuwa navyo

Ubao wa miraba 64, nane kwa nane, mweupe na mweusi ikipokezana. Ubao wa drafti wa miraba hiyo unafaa kabisa. Kama huna, chukua kipande cha plaiwudi au kartoni gumu, pima sentimita 40 kila upande, gawa miraba ya sentimita 5, kisha paka mmoja uache mmoja kwa makapeni. Pembeni andika herufi a mpaka h kutoka kushoto kwenda kulia kwa mchezaji mweupe, na namba 1 mpaka 8 kutoka upande wake kwenda upande wa mweusi. Kila mraba utakuwa na jina lake: e4, g1, na kadhalika. Usione uvivu kuandika herufi hizo. Bila majina ya miraba huwezi kuelezana chochote na mwenzako.

Kete 32, yaani 16 kila upande: mfalme 1, malkia 1, ngome 2, maaskofu 2, farasi 2 na askari 8. Seti ya plastiki ni nzuri, lakini usiisubiri. Wanafunzi wangu wengi wameanza na vifuniko vya soda. Kata karatasi nyeupe za duara, bandika ndani ya kifuniko, andika MF kwa mfalme, ML kwa malkia, N kwa ngome, A kwa askofu, F kwa farasi. Askari mtie nukta tu. Upande mmoja tumia kalamu nyekundu, mwingine bluu, na mkubaliane nani ni mweupe. Okota vifuniko vichache vya ziada, utaona kazi yake mbele.

Gao moja la maharage makavu, kwa mazoezi. Na mwenza, hata kama naye hajui kitu.

Jipe siku tano hivi, saa moja kila siku. Anayetaka kuzijua kete zote kwa kikao kimoja huondoka amechanganya farasi na askofu, na kulisahau kosa kunachukua muda mrefu kuliko kujifunza.

Kabla hujagusa kete

Mweupe ndiye anayeanza. Kila zamu unasogeza kete moja, na huruhusiwi kupitisha zamu. Huwezi kuingia mraba wenye kete yako mwenyewe.

Kula ni hivi: kete yako inakwenda kwenye mraba alipo adui, adui anatolewa, kete yako inakaa palepale alipokuwa. Humruki ukatua nyuma yake. Unakula mmoja tu kwa zamu, hakuna kuunganisha mbili tatu kwa mkupuo.

Na kula si lazima. Hili nalirudia kila siku, kwa sababu kwenye drafti yetu ni lazima, na mkono unakimbilia wenyewe. Kijana mmoja alichukua malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote, akamla askari aliyekuwa analindwa na askofu. Nikamuuliza, mdogo wangu, mbona umefanya hivyo? Akanijibu, "Si lazima nile, kaka?" Askofu akamla malkia wake. Kabla ya kula, uliza kwanza: nikikaa pale, nani atanila mimi?

Hatua ya 1: Laza ubao sawasawa

Kona ya chini iliyo kulia kwako iwe nyeupe. Na ya mwenzako pia, kulia kwake, itakuwa nyeupe. Kama ni nyeusi, geuza ubao robo mzunguko.

Watu hudhani hili ni pambo. Siyo. Ubao ukilala vibaya, mfalme na malkia watabadilishana nafasi, na kila ulichojifunza kwa majina ya miraba kitakuwa kinyume.

Hatua ya 2: Panga kete

Mstari ulio karibu nawe, anza na kona zote mbili: ngome. Ndani ya ngome, farasi. Ndani ya farasi, askofu. Katikati imebaki miraba miwili. Malkia anakaa kwenye rangi yake: malkia mweupe kwenye mraba mweupe, d1, na malkia mweusi kwenye mraba mweusi, d8. Mfalme anachukua uliobaki. Mstari wa pili wote ni askari wanane.

Hakiki kwa jicho: malkia anatazamana na malkia, mfalme na mfalme. Kama malkia wako anatazamana na mfalme wa mwenzako, mmoja wenu amekosea.

Sasa toa kete zote ubaoni, uanze na moja.

Hatua ya 3: Ngome

Ngome inatembea mstari ulionyooka: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Inakwenda miraba mingapi upendayo, mradi njia iwe wazi. Ikikuta kete yako, inasimama kabla yake. Ikikuta ya adui, inaweza kuila na kukaa pale, lakini haiendi mbele zaidi.

Weka ngome d4 peke yake, tia harage kwenye kila mraba inaoweza kufika. Hesabu: 14. Ihamishie kona, hesabu tena: 14. Popote ilipo kwenye ubao mtupu, hesabu haibadiliki.

Hatua ya 4: Askofu

Askofu anakwenda kwa mshazari tu, naye miraba mingapi apendayo, mbele na nyuma. Mtu wa drafti humwelewa mara moja, kwa sababu anatembea kama kingi. Tatizo linakuja kwenye kula. Kingi anamruka adui na kutua nyuma yake, askofu anaingia kwenye mraba wa adui na kubaki hapo. Nimeona mkono wa mtu ukipita juu ya kete, ukatua mraba wa nyuma, kisha ukarudi taratibu kama umekumbuka kitu. Ndivyo unavyojifunza, usione haya.

Kila askofu anaishi kwenye rangi moja maisha yake yote. Mweupe ana askofu wa miraba meusi anayeanzia c1, na wa miraba meupe anayeanzia f1. Hawatakutana kamwe. Kwenye ubao mtupu askofu akiwa d4 anafika miraba 13, akiwa kona anafika 7 tu. Kwa hiyo mtoe aje katikati, asikae amefungiwa nyuma ya askari wake.

Hatua ya 5: Malkia

Malkia ni ngome na askofu kwa pamoja. Ananyooka, anakwenda mshazari, umbali wowote, njia ikiwa wazi. Kutoka d4 anafika miraba 27. Hakuna la ziada la kujifunza hapa, ila makosa mawili. La kwanza, watu humpa pia mwendo wa farasi, wakidhani aliye mkubwa anaweza yote. Hawezi. La pili, wanamtoa mapema mno, zamu ya pili au ya tatu, na kete ndogo za mwenzake zinamkimbiza ubao mzima.

Mzee mmoja wa Ujiji humwita kete huyu waziri, na hajakosea. Katika mchezo wa zamani wa Waajemi na Waarabu alikuwa waziri kweli, akitembea mraba mmoja tu wa mshazari. Nguvu alizonazo leo alipewa Ulaya mwishoni mwa karne ya 15.

Hatua ya 6: Mfalme

Mfalme anatembea mraba mmoja, upande wowote: mbele, nyuma, pembeni, mshazari. Basi. Katikati ya ubao anafikia miraba 8, kwenye kona 3.

Hapa jina linaponza watu. Kingi wa drafti ndiye mwenye mbio, anavuka ubao mzima. Mfalme wa chesi anatembea polepole kama mzee mwenye fimbo, lakini bila yeye mchezo umekwisha. Kwa swali la nani mkubwa: malkia ana nguvu zaidi, mfalme ana thamani zaidi.

Kete ya adui ikimlenga mfalme wako, uko kwenye cheki. Ni lazima uitibu zamu hiyohiyo, na dawa ni tatu: mfalme akimbie, au uweke kete katikati kuziba njia, au uile kete inayomtishia. Huruhusiwi kumwacha kwenye cheki, wala kumpeleka mwenyewe kwenye mraba unaolengwa na adui. Kwa sababu hiyohiyo wafalme wawili hawawezi kusimama jirani.

Dawa zote tatu zikishindikana ni chekimeti, mchezo umeisha. Panga hii uione: mfalme mweusi g8, askari wake watatu f7, g7 na h7. Ngome nyeupe iko e1. Ipandishe mpaka e8. Mfalme hawezi kwenda f8 wala h8, maana mstari wote unalengwa. Mbele amezibwa na askari wake mwenyewe. Hakuna wa kuziba, hakuna wa kuila ngome. Mfalme haliwi na hatolewi ubaoni, mnapeana mikono palepale.

Lipo jambo lingine linalofanana na hilo lakini si hilo. Weka mfalme mweusi h8 peke yake, malkia mweupe g6, mfalme mweupe mbali, na iwe zamu ya mweusi. Hayuko kwenye cheki, lakini kila mraba anaotaka kwenda unalengwa, na hana kete nyingine ya kusogeza. Hiyo ni sare. Nimeona watu wenye malkia na ngome mbili wakipata sare namna hii, wakalalamika usiku kucha. Ukiwa umemzidi mwenzako sana, kila zamu hakikisha amebakiwa na pa kwenda, mpaka siku ya kumfunga.

Hatua ya 7: Farasi

Pumzika kwanza, kisha rudi. Farasi ndiye anayeulizwa kuliko kete zote, na anastahili siku yake nzima.

Anatembea miraba miwili kwa kunyooka, kisha mmoja kwa pembeni. Au mmoja kwanza, kisha miwili pembeni, unafika palepale. Mwendo wake una umbo la herufi L. Vijana wangu huhesabu kwa sauti: "mbili... moja." Wewe pia hesabu kwa sauti siku za mwanzo.

Kosa la kwanza: kuhesabu mraba aliosimama. Hesabu inaanzia mraba unaofuata.

Kosa la pili: kupinda kwa mshazari. Miraba miwili ni ya kunyooka, na ule mmoja pia ni wa kunyooka, pembeni kabisa.

Kosa la tatu: kudhani amezibwa. Farasi ndiye kete pekee anayeruka. Kete zilizo katikati, zako au za adui, hazimhusu. Ndiyo maana mchezo ukianza, kabla askari hajasogea, farasi wa g1 anaweza kutoka mpaka f3 au h3.

Na kosa la nne ni la mkono wa drafti, nalo ndilo gumu kuliacha. Mvuvi mmoja alimrusha farasi wake juu ya askari wawili weusi, akatua mraba mtupu. Kisha kwa utulivu kabisa akawaokota wale wawili, akawafumba kiganjani. Nikamshika mkono, nikaufungua, nikawarudisha mahali pao mmoja mmoja. Farasi hali anayemruka. Anamla yule tu aliye kwenye mraba anaotua.

Mazoezi. Weka farasi d4, tia maharage kwenye b3, b5, c2, c6, e2, e6, f3 na f5. Tazama: maharage manane yamemzunguka kama duara. Kariri sura ya duara hilo, si herufi L peke yake, maana mchezoni utakuwa unatafuta duara. Sasa mpeleke a1. Anafikia b3 na c2 tu, miraba miwili. Farasi aliye kona amefungwa miguu.

Tazama pia rangi. Kila anaporuka, anabadilisha: kutoka mweusi anatua mweupe, kutoka mweupe anatua mweusi. Hicho ndicho kipimo chako. Akianza mweusi akatua mweusi, amekosea, hakuna haja ya kubishana.

Zoezi la mwisho, nalo huwaweka watu nusu saa: mpeleke farasi kutoka a1 mpaka b2, mraba wa jirani kabisa. Jaribu kabla ya kusoma jibu. Inahitaji zamu nne: a1, b3, a5, c4, b2. Mraba wa karibu kwa macho unaweza kuwa mbali kwa farasi.

Akishakukaa mkononi, atakupa raha kuliko wote. Mtue mweupe c7 huku mfalme mweusi yuko e8 na ngome yake a8. Anawalenga wote wawili. Cheki ya farasi haizibiki, kwa kuwa anaruka. Kama hakuna wa kumla, mfalme atakimbia, nawe utaila ngome.

Hatua ya 8: Askari

Askari ndiye mdogo, lakini ana kanuni nyingi kuliko mtu yeyote ubaoni. Zichukue moja moja.

Anatembea mbele tu, mraba mmoja. Harudi nyuma kamwe. Kila askari, akiwa bado kwenye mraba alioanzia, anaweza kwenda mraba mmoja au miwili. Akishasogea, ni mmoja mmoja. Hata anapokwenda miwili haruki mtu: akiwa e2 na kuna kete e3, haendi popote.

Anakula kwa mshazari, mraba mmoja mbele. Askari wa e4 anakula aliye d5 au f5. Aliye e5, mbele ya uso wake, hamli. Hapo ndipo lilipo jibu la lile swali la kila mwezi. Wakikutana uso kwa uso wamezibana, wote wawili wanasimama mpaka mmoja apate wa kumla pembeni au aliyemziba aondoke. Kwenye drafti kete hutembea mshazari na hula mshazari. Hapa anatembea wima, anakula mshazari. Mkono utateleza mara nyingi, urudishe tu.

Akifika mstari wa mwisho wa adui anapandishwa cheo, zamu hiyohiyo: anageuka malkia, ngome, askofu au farasi, upendavyo. Mfalme hawezi kuwa, wala kubaki askari. Si lazima malkia wako awe ameshaliwa. Unaweza kuwa na malkia wawili au watatu.

Imebaki kanuni moja ambayo watu huniambia nimeitunga. Ni ya kweli, imo kwenye sheria za FIDE, shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924. Ninaiita kula njiani. Askari wako mweupe yuko e5. Mweusi anamtoa askari wake d7 mpaka d5 kwa mruko mmoja wa miraba miwili, akakaa ubavuni mwako. Unaruhusiwa kumla kana kwamba amekwenda mraba mmoja tu: askari wako anaingia d6, yule wa d5 anatolewa. Masharti: awe ametoka miraba miwili muda huohuo, na umle zamu inayofuata palepale. Ukicheza kitu kingine kwanza, haki hiyo imepotea. Ni askari kwa askari tu, hakuna kete nyingine inayokula hivyo.

Kama inakuchosha, iache wiki ya kwanza. Lakini ijue ipo, usije ukagombana na mtu.

Sasa chezeni vita ya askari. Pangeni askari wanane kila upande, bila kete nyingine yoyote. Wa kwanza kufikisha askari mstari wa mwisho ameshinda. Mkikwama wote, sare. Ni mchezo mfupi, na baada ya mara sita au saba mkono wa drafti unakuwa umenyooka. Mimi sijapata zoezi linaloushinda huu.

Hatua ya 9: Kumhamishia mfalme ngomeni

Mara moja tu katika mchezo, unaruhusiwa kusogeza kete mbili kwa zamu moja. Mfalme anakwenda miraba miwili kuelekea ngome, na ngome inavuka kukaa ubavuni mwake upande wa pili. Kwa mweupe: mfalme e1 anakwenda g1, ngome ya h1 inakuja f1. Au upande mrefu: mfalme anakwenda c1, ngome ya a1 inakuja d1.

Masharti: mfalme na ngome hiyo wawe hawajasogea tangu mwanzo. Katikati yao pawe patupu. Mfalme asiwe kwenye cheki, asipite mraba unaolengwa, asifikie mraba unaolengwa. Ngome yenyewe ikilengwa si kitu, bado unaruhusiwa.

Mguse mfalme kwanza. Ukianza na ngome, mwenzako ana haki ya kusema umesogeza ngome tu.

Fanya hivi mapema, ndani ya zamu kumi za mwanzo ukiweza. Mfalme anayebaki katikati ndiye anayefungwa.

Hatua ya 10: Mchezo mzima

Panga kete zote. Anza kwa kumtoa askari wa e2 mpaka e4, kisha farasi na maaskofu, kisha mfichie mfalme ngomeni. Hayo yanatosha kwa wiki nzima.

Ukibadilishana kete, tumia bei hizi: askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Mfalme hana bei. Ukitoa ngome ukapata farasi, umepunjwa.

Kubalianeni tangu mwanzo: kete uliyoigusa kwa nia ya kucheza, utaisogeza. Inawafanya watu wafikiri kwa macho kabla ya mkono.

Mkikwama

*Tumegundua mfalme alikuwa kwenye cheki tangu zamu tatu zilizopita.* Kama mnazikumbuka zamu hizo, rudini pale kosa lilipoanza. Kama hamkumbuki, pangeni upya. Msitoe mfalme ubaoni kwa hasira.

*Maaskofu wangu wote wawili wako kwenye rangi moja.* Ama mmepanga vibaya, ama mmoja aliteleza njiani. Haiwezekani vinginevyo, isipokuwa kama ulimpandisha askari akawa askofu.

*Wamebaki wafalme wawili tu.* Sare, mchezo umekwisha. Mfalme na askofu mmoja dhidi ya mfalme, au mfalme na farasi mmoja dhidi ya mfalme, nayo pia ni sare.

*Mwenzangu ananifunga zamu ya nne kila mara.* Anakuja na askofu c4 na malkia h5, wote wanalenga f7, mraba unaolindwa na mfalme wako peke yake. Ikiwa askari wako wa e ameshatoka, mweke malkia wako e7. Mraba umepata mlinzi wa pili, na malkia wake amebaki nje bila kazi. Ukiwa mweupe, mraba wa kuulinda ni f2.

*Sina wa kucheza naye.* Kwenye simu, kuna programu ya chesi iitwayo Lichess, ni bure na haina matangazo. Chagua kucheza na kompyuta ngazi ya chini kabisa. Ukimgusa kete, simu inakuonyesha miraba anayoweza kwenda. Zuia jicho kidogo: taja miraba hiyo mwenyewe kwanza, ndipo uguse.

*Askari wangu amefika mwisho na malkia wangu bado yuko ubaoni, sina kete ya malkia wa pili.* Hapo ndipo vile vifuniko vya ziada vinapofanya kazi. Chukua kimoja, bandika karatasi, andika ML, muweke alipofika askari, mwendelee.